Sukari ni Halali: Basi Suali Liko Wapi?

Ndugu msomaji, sukari si haramu, wala waraka huu haukuandikwa ili kuongeza haramu katika yale ambayo Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameyahalalisha. Tumelitanguliza neno hili kwa sababu wengi katika ndugu zetu, wakisikia mtu anazungumzia kupunguza sukari kwa lugha ya dini na ya tabia, husema: "Kitu chenyewe ni halali, basi mambo hayo waachieni madaktari." Na kauli hiyo, kwa dhahiri yake, ina uzito. Daktari ndiye ajuaye khabari za damu na kongosho, na asiyekuwa na elimu hiyo hana ruhusa ya kuwatibu watu kwa dhana.

Lakini zingatia jambo moja. Daktari anaweza kukwambia ukomo wako uko wapi; hana dawa ya kukueleza kwa nini, baada ya kuujua ukomo huo na kuukubali kwa ulimi, mkono uliendelea kuteka. Kila nyumba yetu ya Maskati, Dubai au London ina mtu aliyekwisha kuambiwa, akaitikia vizuri, akarudi nyumbani akatia vijiko vitatu katika chai. Hakukosa elimu. Alichokosa ni kitu chengine, na kitu hicho ndicho wanachuoni wa akhlaki walichokitafuta karne nyingi kabla ya kuwepo vipimo vya maabara: ni nani mwenye amri ndani ya mtu? Je, mwenye kutamani kitu cha halali, akakipata kwa mali yake ya halali, anaweza kuwa mtumwa wa kitu hicho? Na kama anaweza, nini wajibu wake, na nini wajibu wa wale wanaomsogezea sinia?

Tuanze na upande wa ruhusa, kwani mwenye kuusahau hupotea kwa njia ya pili. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda kitu kitamu na asali. Katika Suratun-Nahl asali imetajwa kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na Bibi Maryamu, katika uchungu wa kuzaa, aliruzukiwa tende mbivu kutoka mtendeni. Tena mwanzo wa Suratut-Tahrim Mtume (S.A.W.) anaulizwa kwa nini anajiharimishia kitu alichohalalishiwa, na katika mojawapo ya riwaya mashuhuri za sababu ya kushuka kwake, kitu hicho kilikuwa ni asali. Basi mwenye kuapa mbele ya watu kwamba hatatia kitu kitamu kinywani mwake mpaka afe, amejitungia sheria ambayo hakupewa. Na uzoefu unaonyesha kuwa viapo vya namna hii mara nyingi huvunjika mapema, na aliyevunja kiapo hula siku hiyo kuliko alivyokuwa akila kabla ya kuapa, kwa sababu ameshajiona amekwisha haribu.

Kujiharimishia ni kusema: kitu hiki kiovu, nisikiguse. Kujizuilia ni kusema: kitu hiki ni changu na ni kizuri, na leo nakiacha kwa kuwa naweza. Anayetazama kwa nje haoni tofauti, kwani wote wawili hawakula. Tofauti imo ndani. Wa kwanza anakiogopa kitu, na anayeogopwa ndiye mwenye nguvu. Wa pili anakitawala.

Mwanafalsafa Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika katika kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq kwamba nafsi ya mtu ina nguvu tatu: ya kufikiri, ya kughadhibika, na ya kutamani, na sifa njema ya nguvu hii ya kutamani aliiita iffa. Wengi leo hulifahamu neno hilo kwa maana ya kuhifadhi tupu tu, lakini kwake yeye lilienea mpaka kwenye chakula na kinywaji. Na iffa, kwa mujibu wake, imesimama baina ya maovu mawili: ulafi upande huu, na kufa kwa matamanio upande wa pili. Hivyo aliyechukia kila ladha naye ana maradhi. Jambo hili hulisahau sana wale wanaorudi kutoka kliniki na karatasi ya vyakula mkononi, wakaigeuza nyumba nzima kuwa kama hospitali, watoto wakalaani siku ile.

Sasa tutazame kiasi, kwa sababu utamu waliouonja wazee wetu na utamu tunaoujua sisi havina uwiano. Dasturi ya kahawa, Oman na vile vile Unguja, ina hekima ambayo pengine hata wenyewe hawakuikusudia. Kahawa hunywewa chungu, bila ya sukari hata chembe, katika finjani ndogo. Na pembeni yake huwekwa tende, au kipande cha halwa, au kashata. Uchungu unaukamilisha utamu, na utamu unaukamilisha uchungu, na mtu huridhika kwa kidogo. Halwa yenyewe, kwa wingi wa sukari na samli, haikutengenezwa iwe chakula cha kila siku. Ilikuwa ya Idi, ya harusi, ya mgeni na ya tanzia, na kijiko kimoja kilitosha kuwa ni heshima. Hapana aliyeikalia kitako na sahani nzima.

Kilichobadilisha mambo ni urakhisi. Sukari iliyosafishwa, ambayo jina lake la Kiarabu, sukkar, linatokana na lugha ya kale ya Bara Hindi, kwa karne nyingi ilikuwa bidhaa ya wafalme na ya wauza dawa. Iliposhuka bei, haikushuka kwa bure. Mashamba ya miwa ya Morisi katika karne ya 19 yalilimwa kwanza na watumwa, wengi wao wakitoka Bukini na pwani ya Afrika ya Mashariki, na baada ya utumwa kufutwa huko mwaka 1835 wakaletwa vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi. Na tusiwaelekeze wengine kidole peke yao: bonde la Pangani nalo lilikuwa na mashamba ya miwa, miongoni mwa wenyewe wakiwemo jamaa wa Kiomani, mmoja wao akiwa Abushiri bin Salim al-Harthi, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888; na waliokata miwa hiyo na kuisukuma kinuni walikuwa watumwa. Hatusemi haya ili mtu asiweze kunywa chai yake. Tunasema ili ijulikane kwamba kitu tunachokimwaga leo kwa vijiko bila ya kuhisabu kiliwahi kuhisabiwa kwa migongo ya watu.

Na sisi tuhisabu kidogo. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Chukua mtu mzima wa kawaida katika mji wa Ghuba, asiyejiona kuwa ni mlafi hata kidogo. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu. Njiani kwenda kazini husimamisha gari akaletewa kikombe cha karaki, vijiko vitatu vingine, naye havioni kwa kuwa vimetiwa na mwengine. Mchana kopo moja la soda la mililita 330, ambalo lina gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko tisa. Alasiri chai tena, vitatu. Usiku, kwa kuwa ameamua kuacha soda, anakunywa bilauri ya juisi ya boksi, akijihisi kuwa amefanya jambo la afya, na humo mna vijiko vingine sita. Jumla ni vijiko 24, karibu gramu 96, na bado hatujataja andazi, wala kaimati zilizochovywa katika shira, wala biskuti aliyoila akiwa kwenye simu. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa amekula kilo 35 za sukari, na ukimuuliza atakwambia: "Mimi si mpenzi sana wa vitamu."

Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri kwamba sukari ya kutiwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu anaipata katika chakula chake, yaani kiasi cha gramu 50, vijiko 12 au 13 kwa mtu mzima. Na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Ndugu yetu wa vijiko 24 amekwenda karibu mara mbili ya ukomo na mara nne ya kilicho bora. Nasi tunaishi katika nchi ambazo ni miongoni mwa zile zenye maradhi ya sukari kwa wingi duniani. Wapo katika jamaa zetu waliokatwa vidole vya miguu, na wapo wanaokwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ni kweli kwamba maradhi haya yana sababu nyingi, na urithi ni mojawapo, na wapo wanaougua bila ya kosa lolote la kinywa. Ni dhulma kumtazama mgonjwa kwa jicho la "umejitakia". Lakini kusema kuwa sababu ni nyingi si kusema kuwa hii si mojawapo.

Tuje kwenye uchu wenyewe. Mwenye uchu wa utamu hudhani kwamba anakitaka kitu kwa sababu kinamfurahisha. Akijichunguza ataona kuwa jambo limegeuka. Kikombe cha kwanza cha maisha yake kilimfurahisha. Cha leo kinamwondolea kero tu. Asipokipata saa kumi, kichwa kinauma na watoto wanakemewa. Akikipata, anarudi pale alipokuwa, hana zaidi. Hii ndiyo alama ya kuhama kutoka kwenye kustarehe kwenda kwenye kutumikia. Mtu huru hupata raha akila na hapati mashaka akikosa. Mwenye kutumikia hupata mashaka akikosa, na akila hapati raha iliyo kubwa.

Kwa hivyo anayeuliza, "Nitajuaje kama mimi natawala au natawaliwa?" hahitaji mwanafalsafa. Na aache sukari ya kutiwa siku tatu, bila ya kuapa na bila ya kumwambia mtu, kisha aisikilize nafsi yake. Itamletea hoja. Itasema kwamba kazi ni nyingi wiki hii. Itasema kwamba mwili unahitaji nguvu. Itamkumbusha kuwa jambo lenyewe ni halali, na hapo atastaajabu jinsi nafsi iliyo nzito katika kusoma fikihi ilivyokuwa faqihi mkubwa siku hiyo. Qurani imeitaja nafsi inayoamrisha mabaya, na inayojilaumu, na iliyotulia. Na mfano wake huonekana hata katika mambo madogo kama kikombe cha chai. Ile inayoamrisha haina ukali siku zote. Mara nyingi ina sauti ya upole na ya hoja.

Ama kujizuilia kwenyewe, kuna khabari njema ambayo inafaa ienezwe. Ulimi hufundishika. Imepimwa ikaonekana kwamba waliopunguza sukari kwa muda wa miezi miwili au mitatu huonja kitu kile kile na kukiona kitamu zaidi kuliko walivyokuwa wakikiona. Chai ya vijiko vitatu, ambayo ilikuwa ya kawaida, huwa haiyumkiniki kunyweka. Basi taabu ya kupunguza si taabu ya kudumu. Ni ya njiani. Mwenye vijiko vitatu na ashuke kwa nusu kijiko, akae hapo wiki mbili mpaka ulimi usahau, kisha ashuke tena. Huyu hufika, na yule aliyeruka kutoka vitatu mpaka hakuna mara nyingi hurejea vitatu kabla ya Ijumaa. Na asiutazame ulimi peke yake. Aliyelala saa nne akaamka hutamani vitamu kuliko aliyeshiba usingizi. Aliyekosa chakula cha asubuhi hufika saa tano akiwa hana khiari mbele ya sahani ya biskuti. Na aliyekula yai, au dengu, au samaki kabla, hupita karibu na sahani ile ile kama mpita njia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa nia ni njaa na uchovu vilivyoachwa bila ya kutazamwa. Aliyetia bakuli la peremende mezani kisha akaomba apewe subira amejichosha bure. Na aliondoe bakuli kwanza.

Wako wanaotaka kukwepa njia hii kwa vidonge na unga wa utamu usio sukari. Shirika hilo hilo la afya, mwaka 2023, lilishauri visitumiwe kwa ajili ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na maradhi ya sukari, ambao wana khabari zao na madaktari wao. Kwa upande wa nafsi, sisi tunaona kuwa vinamwacha mtu pale pale: ulimi bado unadai kile kile kwa wakati ule ule, umebadilishiwa mlipaji tu. Wengine hukimbilia asali na kusema ina ponyo. Nayo ni kweli ina ponyo; lakini aliyeteka vijiko sita vya asali kwa siku ametafuta utamu, na ameifanya Aya kuwa ni kisingizio cha ulimi wake. Tende nazo zina sukari nyingi, ila huja na nyuzinyuzi zake na hutafunwa, na mtu hushiba tende tatu au tano mapema kuliko anavyoshiba bilauri ya sharbati.

Na hapa ndipo unapotujia mwezi wa Ramadhani, mwezi ambao hutoa ushahidi dhidi yetu. Yule anayesema hana uwezo wa kukaa bila ya chai yake ya saa nne, hukaa saa kumi na tatu na zaidi bila ya chai, bila ya maji, katika joto la Ghuba, na anafanya kazi, na hafi. Kumbe uwezo upo. Kilichokuwa hakipo ni amri. Kisha jua linapokuchwa, tende moja na funda la maji, ambavyo vingetosha kufungulia, hufuatwa na jagi la sharbati nyekundu, tambi za sukari, vibibi, kaimati, faluda na mkate wa kumimina, mpaka mwenye kufunga husimama kuswali Tarawehe akihema. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba, ikiwa hapana budi, basi thuluthi ya tumbo iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Kwenye futari zetu pumzi haina fungu. Ni ajabu kwamba mwezi uliowekwa kuilea nafsi ndio ambao sukari huuzwa kwa wingi na kwa maonyesho madukani, na makasha yakapangwa mpaka karibu na dari.

Mpaka hapa tumezungumza na mtu na nafsi yake. Lakini sukari katika jamii yetu hailiwi peke yake, hupewa. Na katika kupeana ndipo penye suali zito zaidi, ambalo mara chache huulizwa.

Bibi mmoja mwenye maradhi ya sukari anakwenda kumpongeza jamaa yake aliyejifungua. Sinia inaletwa. Bibi anasema, "Ahsante mwanangu, mimi daktari kanikataza." Mwenyeji anacheka: "Daktari hayupo hapa, bibi! Onja kidogo tu, halwa hii imetoka Nizwa jana." Wanawake wote wanamtazama. Bibi anaonja, kwa sababu kukataa mara ya pili ni kuvunja heshima, na kwa sababu ametoka nyumba tatu siku hiyo na katika kila nyumba ameonja kidogo tu. Nani aliyekula halwa ile? Kinywa ni cha bibi, lakini khiari ilikuwa ya nani?

Hatusemi kwamba mwenyeji yule ametenda dhambi. Hatuna mamlaka ya kusema hivyo, na nia yake ilikuwa njema. Tunasema kwamba amefahamu kukirimu kinyume. Tumeamrishwa kumkirimu mgeni, na kumkirimu ni kumpa kile kilicho kheri kwake. Sinia iliyojaa hutangaza cheo cha nyumba. Kumsikiliza mgeni hutangaza cheo cha mgeni. Aliyesema "nimekatazwa" amekufungulia siri ya mwili wake mbele ya watu, na hiyo ni amana. Kumlazimisha arejee katika kauli yake, tena kwa mzaha, ni kumvunjia kitu alichokijenga kwa taabu. Basi dasturi iwe kukaribisha mara moja, kwa uso mkunjufu, na mgeni akikataa aambiwe, "Sawa, tukuletee nini?" Kuwe na maji, na kahawa chungu, na matunda kidogo, vilivyowekwa tangu mwanzo katika sinia ile ile, ili asiyekula halwa asionekane kuwa ni mgonjwa aliyetengwa. Na bibi mwenye nyumba atakayelianza jambo hili katika mtaa atasemwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ataigwa.

Watoto wako katika hali nyengine, kwa sababu mgeni anaweza angalau kukataa. Mtoto hana ulimi wa zamani wa kuulinganisha na wa leo. Ulimi alionao ndio tuliomfanyia sisi. Aliyezoeshwa maziwa ya sukari katika chupa, akanyamazishwa kwa peremende kila akilia, akalipwa chokoleti kila akihifadhi sura, atakua akiamini kwamba huzuni hutibiwa kwa utamu na kwamba kheri hulipwa kwa utamu. Kisha akifika umri wa miaka arubaini tutamwambia ajizuie, kana kwamba ni yeye aliyeanza. Familia zinazoishi mbali na kwao zina mtihani zaidi: baba hurudi kazini amechoka, mama hana shangazi wala jirani wa kumsaidia, na pakiti ya biskuti humnyamazisha mtoto kwa dirham mbili. Hatumlaumu mama huyo. Tunasema tu kwamba deni hilo litalipwa na mtoto.

Serikali nazo zimeliona jambo. Uingereza iliweka ushuru wa vinywaji vitamu mwezi wa Aprili 2018, na makampuni mengi yakapunguza sukari katika chupa zao kabla hata sheria haijaanza kufanya kazi, ili yasiulipe. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ziliutoza ushuru wao wa kwanza wa soda mwaka 2017. Oman ikafuata mwezi wa Juni 2019 kwa soda, na Oktoba 2020 kwa vinywaji vyengine vilivyotiwa sukari. Ni hatua njema, lakini haina nguvu juu ya kopo la sukari lililo jikoni.

Limebaki jambo moja ambalo watu wazima wenye wazee nyumbani hulijua vizuri. Mtoto anampenda mama yake, mama ana maradhi ya sukari na miaka themanini, na anapenda chai tamu. Je, mtoto amfiche sukari? Wengi hufanya hivyo: huhamisha kopo juu ya kabati, huwaagiza wasaidizi wa nyumbani wadanganye kuwa imekwisha. Na mama, ambaye amelea watoto saba na akazika mume, huomba sukari kwa jirani kama mwizi. Sisi hatuoni kuwa hii ni iffa, kwani iffa ni ya mwenye nafsi kuitawala nafsi yake, si ya mtu kuitawala nafsi ya mamake. Mama mwenye akili timamu ana haki ya kuambiwa ukweli wote, kwa adabu, na mtu anayemuamini, mbele ya daktari ikiwezekana. Kisha ana haki ya kuchagua, hata akichagua tusichokipenda. Kinachojuzu kwa mtoto ni kuifanya njia nyepesi: chai ya nyumba nzima ipungue utamu kidogo kidogo, kwa kila mtu na si kwa mama peke yake, naye aambiwe kwamba inapungua; kikombe kiwe kidogo; asiachwe akae na njaa mpaka usiku. Na siku ya Idi akatiwe kipande chake cha halwa, ale mbele ya watu, bila ya jicho la mtu juu ya kijiko chake.

Na mwenye kumuuguza mzee anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, asimpunguzie chakula wala utamu kwa ghafla kabla ya kusema na daktari, kwani dawa itabaki na kazi ile ile na sukari itashuka kupita kiasi. Akimuona anatetemeka, anatoka jasho la baridi, maneno yanampotea, basi asimsomee wakati huo khabari za nafsi. Maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, amnyweshe mara moja maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vya sukari, akae naye robo saa, ampime, na kama hajarudi ampe tena. Akiwa amezimia asimtie kitu kinywani, bali aite gari la wagonjwa. Kopo la sukari lisihamishwe juu ya kabati katika nyumba kama hiyo. Libaki mahali ambapo kila mtu anapajua, hata mtoto wa miaka saba.